Vipanya vya Bluu

Arobaini ya mama haijafika na tayari watu wameanza kunihimiza nile vizuri, nijichanganye, nitoke. Ndiyo maana Jumamosi iliyopita mume wangu alinipeleka kwenye hoteli moja ya Wahindi tukale biriani. Nikala. Biriani haikuwa na kosa. Shida ilikuja wakati wa kulipa. Pale kaunta palikuwa na kibakuli cha shamari, zile zilizopakwa sukari, nyeupe na waridi na bluu, na kijiko kidogo juu yake ili mteja achote, atafune, asafishe kinywa. Mume wangu akachota akanimiminia kiganjani. Harufu ilipopanda puani nikazitupa chini zote, mbele za watu, nikatoka nje nikasimama kando ya jenereta. Akanifuata mbio. "Kuna nini?" Nikamjibu, "Hamna kitu, kizunguzungu tu." Uongo mtupu. Lakini mimi si mtu wa kulia hovyo, na sipendi kueleza mambo yangu barabarani. Acha nieleze hapa.

Nimekulia Guangzhou, China. Ukiwaambia watu wa rika langu hivyo wanadhani ulikuwa unaishi ndani ya duka la simu. Mama alikuwa mfanyabiashara wa mikoba. Baba yangu alishaoa kwingine, kwa hiyo mama alinibeba na mimi pamoja na mabegi yake, tukapanga chumba mtaa wa Sanyuanli, juu ya ofisi za kusafirishia mizigo. Chini mchana kutwa ilikuwa ni milio ya selotepu ikivutwa, krrr, krrr, watu wanafunga maboksi. Mlango wa pili aliishi Bi Zuhura, mwanamke wa Dar, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu aliye mtaa wa tatu, aliyekuwa akiwapikia wafanyabiashara Watanzania. Mlango wake sikuwahi kuuona umefungwa. Uliingia, ukasema hodi ukiwa umeshakaa, ukapewa sahani. Mimi nilijua dunia yote iko hivyo.

Halafu akaja Anko Yosti. Alikuwa Mholanzi, mrefu mpaka akiingia chumbani kwetu anainamisha kichwa, na kazi yake ilikuwa kukagua mikoba kule Shiling, kwenye soko la mikoba, kabla haijapakiwa kwenda kwao. Mama alikuwa kwenye duka moja anapatana bei na laoban, yaani mwenye duka, mwanamke mmoja mcheshi aliyempenda sana mama. Yosti akapita, akachukua mkoba mmoja, akavuta zipu, akasema mbele ya kila mtu, "Hii ni mbaya. Usinunue." Laoban akamfukuza kwa fagio. Mama alicheka njia nzima kwenye basi. "Mtu wa kwanza China hii kuniambia ukweli bila kunitoza," alisema. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wameoana, na sisi tumehamia kwake, ghorofa ya juu kabisa ya jengo lenye lifti, mlinzi, na simu ya geti ambayo mgeni lazima abonyeze ndipo afunguliwe.

Kuhamia kule, jamani, ilikuwa kama kuhamia nchi nyingine tena, maana mle ndani hapakuwa China wala Tanzania. Kwanza alitaka nimwite Yosti. Yosti hivi hivi, mtoto wa miaka yangu, mtu mzima namwita jina! Nikamwita Anko Yosti. Akasema hiyo Anko iondoke. Mama akanikonyeza, ikabaki. Kwao mchana hawapiki, wanakula mkate na jibini, baridi, wima kama wasafiri. Wiki ya kwanza mama aliniambia jikoni kwa sauti ndogo, "Mwanangu, leo nimeshinda na njaa." Chakula cha moto ni jioni, saa kumi na mbili kamili, na ukifika saa kumi na mbili na robo unakuta sahani yako inakutazama. Mapazia hayafungwi, nje wanakuona. Na wageni wanakuja kwa miadi. Mtu anaandikwa leo aje baada ya wiki mbili. Akija anapewa kahawa, kopo la biskuti linafunguliwa, anachukua moja, kopo linafungwa. Siku Bi Zuhura alipoalikwa alitoka pale akiwa ameshika kiuno. "Stela, mumeo kafunga kopo na mimi namtazama!" Mama alicheka hadi akakaa chini.

Nisije nikaonekana namsema vibaya. Alikuwa mtu mwema. Alinifundisha baiskeli kando ya mto, akikimbia nyuma yangu na miguu yake mirefu. Alijifunza neno "shikamoo" na kila asubuhi akaniamkia nalo mimi, mtoto, na mimi kwa utundu nikawa naitikia "marahaba." Na siku yake ya kuzaliwa ndiyo sitaisahau. Walikuja Waholanzi wenzake, wakapanga viti duara kama kikao cha harusi, na kila aliyeingia alimpa mkono mtu mmoja mmoja kwa zamu. Mama mmoja wa Kizungu akainama, akanishika mkono, akasema, "Hongera kwa siku ya kuzaliwa ya Yosti." Nikabaki namshangaa. Nimefanya nini mimi? Baadaye nikamuuliza mama. Akasema, "Kwao furaha ya mmoja wanapongezwa nyumba nzima. Si vibaya, eti?"

Kisha mama akashika mimba. Sikuwahi kumwona anapendeza vile. Laoban wa Shiling alikuwa na mazoea ya kumuuliza, kila tukienda, una watoto wangapi, maana kule swali hilo hawalionei haya. Mama alikuwa ananyoosha kidole kimoja halafu ananionyesha mimi. Sasa akawa ananyoosha viwili, cha pili akikielekeza tumboni, na yule mwanamke anapiga makofi na kutupunguzia bei.

Anko Yosti alisafiri kwao kwa siku chache, akarudi na boksi. Ndani mlikuwa na pakiti za mikate mikavu ya duara, inayovunjika kama kigae, wanayoiita beshuti, na makopo mawili ya punje ndogo zenye sukari. Kopo moja punje zake nyeupe na waridi, jingine nyeupe na bluu. Mama alipoona uso ulibadilika. "Kwetu hatununui vitu vya mtoto hajazaliwa." Akamjibu, "Si vitu vya mtoto. Ni chakula." Akayapanga juu kabisa ya kabati la jikoni, nyuma ya unga.

Mimi alinieleza vizuri, kwa maana alipenda kueleza. Kwao mtoto akizaliwa, kopo linafunguliwa, mkate unapakwa siagi, punje zinanyunyizwa juu, na kila anayekuja kumwona mtoto anapewa. Waridi kwa wa kike, bluu kwa wa kiume. Kwa kuwa madaktari wa China hawakuambii mapema, yeye amenunua yote mawili. Punje zenyewe huitwa panya wadogo kwa sababu kila moja ina kikia. Akanifungulia kopo la bluu kidogo ninuse, akalifunga tena. Ilikuwa harufu ya shamari alizokuwa akipikia Bi Zuhura, lakini tamu.

"Wageni watakuja wengi?" nikauliza.

"Wengi."

"Hata Bi Zuhura na wenzake?"

"Hata Bi Zuhura."

"Ataruhusiwa ngapi?"

Akafikiri kwelikweli. "Mbili," akasema, na tukacheka wote.

Basi mimi nikaelewa nilivyoelewa. Nikaelewa kwamba katika nyumba ile, ambamo hodi haipigwi, kuna kitu kimoja kinachofungua mlango, nacho kiko juu ya kabati nyuma ya unga. Kila nikiingia jikoni nilikuwa nakitazama.

Ukaja ule msimu wa unyevu. Aliyeishi Guangzhou anaujua. Kabla joto halijaanza, hewa inalowa, sakafu inateleza, nguo hazikauki hata ukizianika wiki, mikoba ya ngozi inaota ukungu dukani, na kuta zinatoka jasho, matone yanatiririka kabisa. Ndani ya msimu huo mama alipelekwa hospitali. Alikwenda mchana, ameshika ubavu, ananiambia nisisahau kumaliza maziwa yangu.

Anko Yosti alirudi peke yake. Alichuchumaa macho yake yakawa sawa na yangu, akasema, "Mtoto amezaliwa. Ni wa kiume. Anaitwa Tomasi. Alizaliwa akiwa amekufa."

Kwetu mtoto angeambiwa kwa kuzungushwa, angeambiwa mdogo wako amerudi kwa Mungu, au asingeambiwa kabisa, angefukuzwa akacheze. Huyu alinipa yote kwa pumzi moja, kama alivyosema ile zipu ni mbaya. Nilimchukia siku ile. Lakini kichwa cha mtoto kinashika kinachotaka, na changu kilishika neno la kwanza. Amezaliwa. Ni wa kiume. Nikatazama kabati la jikoni. Yeye hakulitazama. Nikasema moyoni, atakuwa amechoka, atafungua kesho. Kwa maana Anko Yosti hakuwahi kusahau utaratibu hata siku moja.

Mama aliletwa amefungwa kanga tumboni. Hatukuwa na kaburi la kwenda kukaa, kule mambo hayo hayawi kama kwetu, mtoto alibaki mikononi mwa hospitali. Alilala akageukia ukutani, na ukuta unatiririka, na mimi niliamini kabisa kwamba yale ni machozi yake yanapenya upande wa pili. Nilikuwa naufuta kwa taulo langu. Nikifuta, yanarudi. Maziwa yalikuwa yamejaa, blauzi yake imelowa mbele, na hakuwepo hata mwanamke mmoja wa kumwambia afanye nini. Hakula. Hakuongea. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, mama aamke.

Na kilichommaliza zaidi kilikuwa chooni. Waholanzi wana kalenda ya siku za kuzaliwa za ndugu na marafiki, na kalenda hiyo, msinicheke, wanaitundika chooni, ili kila ukikaa uione usimsahau mtu. Anko Yosti akaandika Tomasi. Mama alijikokota kwenda huko asubuhi moja, akatoka ameshika mlango.

"Umemwandika mwanangu chooni?"

"Ndipo tunapoandika wote," alisema. "Mama yangu yupo. Wewe upo."

"Yosti, mtoto hakulia. Kwetu asiyelia hapewi jina, hatajwi, anafichwa moyoni. Na kama angepewa, hapewi chooni!"

"Ana jina," akasema Anko Yosti taratibu. "Nilimshika. Ana jina."

Mama akafunga mlango wa chumba. Toka hapo hawakusemeshana. Yeye Anko akashika ratiba yake. Kahawa, kompyuta, mkate wa mchana, saa kumi na mbili sahani tatu mezani, moja anaipeleka chumbani, anairudisha kama ilivyo, anaimwaga, anaosha. Nilikuwa namtazama nikimwona hana uchungu hata kidogo. Leo ndiyo najua mtu anaweza kushika ratiba kama mwingine anavyoshika ukuta asianguke.

Bi Zuhura alikuja wala hakuitwa, habari ilishamfikia. Simu ya geti ikalia, nikamwona kwenye kioo chake kidogo, yeye na wanawake wengine wawili wamejitanda kanga, mmoja amebeba sufuria imefungwa kwa kitambaa. Nikaruka. Lakini Anko Yosti akafika kwanza.

"Asanteni sana kwa kuja," akawaambia. "Stela anapumzika. Mnaweza kuja Alhamisi, saa tisa?"

"Shemeji," ilisema sauti ya Bi Zuhura kutoka kwenye kile kidude, "sisi tumekuja kumpa pole mzazi."

"Najua. Asante. Alhamisi atakuwa na nguvu."

"Msiba una miadi? Kwani hapa kwa daktari wa meno?"

Hakuelewa. Anko alidhani anamlinda mama, kwao mwenye msiba anaachwa apumue, unamtumia kadi, unangoja. Akashuka akapokea sufuria, akashukuru kwa heshima zote. Ilikuwa supu ya kuku ya pilipili manga. Mama hakuigusa. Nilipoingia chumbani alikuwa amekaa, macho kwenye mlango. "Nimesikia sauti ya Zuhura," akasema. "Amekwenda wapi?" Nikamwambia atakuja Alhamisi. Akalala tena, safari hii akajifunika mpaka kichwani. Kesho yake Anko akaiacha ile sufuria kwa mlinzi, imeoshwa inang'aa, tupu. Chombo cha mtu kinarudishwa kitupu! Nilijua, hata kwa utoto wangu ule, kwamba Bi Zuhura hatakuja Alhamisi wala siku nyingine.

Lakini pia nilijua kitu ambacho wao hawakukijua. Bi Zuhura alikuwa na msemo wake kila akifungua mlango, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mimi niliuchukua kama dawa ya daktari. Wageni wakija, mama anapona. Na wageni hawaji kwa sababu kopo halijafunguliwa. Mtoto amezaliwa, Anko amesema mwenyewe, tena wa kiume. Kama yeye amesahau, nyumba hii ina mtu mwingine.

Alhamisi baada ya mkate wa mchana Anko Yosti alivaa shati la kupiga pasi akakaa sebuleni kungoja wageni wake. Mimi nikaenda jikoni, nikaburuta kiti, nikapanda. Unga ukanimwagikia. Nikashusha la bluu, la waridi nikaliacha. Nikapanga beshuti kwenye sahani zote zilizokuwepo, nyingi, kwa kuwa wageni watakuwa wengi na Bi Zuhura peke yake anaruhusiwa mbili. Nyingine zilivunjika kwa kisu cha siagi, nikaziunga. Nikanyunyiza vipanya. Vingine vilidondoka sakafuni, na kwa ule unyevu vikaanza kuyeyuka, kila kimoja kinaacha doa la bluu. Jikoni kote kukanukia shamari.

Saa tisa ikafika ikapita. Simu ya geti haikulia. Anko Yosti aliinuka kuja kujiwekea kahawa, akafika mlangoni mwa jikoni akasimama.

Niliogopa. Nilidhani atahesabu. Akauliza kwa sauti nisiyoijua, "Nani amekuambia ufanye hivi?"

"Wewe. Ulisema mtoto akizaliwa."

Akakaa. Hakukaa kwenye kiti, alikaa chini kwenye sakafu iliyolowa, na shati lake lile, miguu mirefu imekwenda mpaka kwenye jokofu. Akachukua beshuti moja, akang'ata, na ilipovunjika mdomoni akaanza kulia. Sikuwahi kusikia mwanaume analia. Ilikuwa kama kikohozi kilichokwama. Punje zikawa zinamdondoka kwenye ndevu. Halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka natafuta pa kukaa. Alijifuta mkono kwenye suruali, akanyoosha, akanishika mkono wangu wenye siagi, akautikisa kama walivyofanya wale wageni wake wa duara. "Hongera," akasema. "Umepata mdogo wako wa kiume. Hongera."

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu. Kilio kile kilimtoa kitandani. Alishika ukuta, nywele timutimu, akatazama sahani, akatazama yale madoa ya bluu sakafuni.

"Hivi ni nini?"

Nikamweleza haraka haraka nisije nikapigwa. Kwamba ni vya mtoto. Kwamba ni bluu kwa sababu ni wa kiume. Kwamba wageni wakija wanapewa ili yeye apone.

Hakunipiga. Alichukua beshuti moja. Alikuwa hajaweka kitu mdomoni tangu atoke hospitali, na akaila yote wima, anatafuna polepole, mlio wa beshuti ndio tuliokuwa tunausikia peke yake. Anko Yosti akainuka kwa kujikongoja. Naye akampa mkono, mke wake mwenyewe. "Hongera, Stela."

Nikafumba macho. Nilijua sasa atamrushia sahani. Nikasikia mama anasema, kwa Kiswahili, "Hongera na wewe, baba Tomasi."

Hilo Kiswahili chake kidogo kilitosha kulielewa. Akamshika mama, wote wawili wakayumba wakagonga kabati. Kisha mama akasema, "Sasa niitie wenzangu."

"Saa ngapi?" akauliza Anko Yosti, kwa mazoea tu, maskini, na hapo hapo akaziba mdomo wake. Akachukua simu. Nilimsikia akimwambia Bi Zuhura, "Njooni. Saa yoyote. Tafadhali njooni."

Walikuja. Bi Zuhura hana kinyongo cha kushinda msiba. Walikuja na mikeka, viatu vikajaa mlangoni, wakakaa chini sebuleni, na mama katikati yao akalia kwa sauti, kilio chenyewe sasa, kile cha kwetu, mpaka majirani wakachungulia na Anko Yosti akasimama mlangoni akiwaambia ni sawa, ni sawa. Bi Zuhura alimkanda mama maziwa, akamfunga vizuri, akamlisha. Alipoletewa sahani ya vipanya hakuuliza mara mbili, alikula zake mbili na ya tatu akaifunga kwenye kanga. "Kazi ya Mungu haina makosa," alisema. "Poleni. Na huyu Tomasi, alifanana na nani?" Mama akasema, "Pua ya baba yake." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kujua kwamba mama naye alimtazama. Saa kumi na mbili ikapita katika nyumba ile bila mtu kuiona. Na kabla hawajaondoka mama alikwenda chooni, akaing'oa ile kalenda na msumari wake, akaitundika sebuleni.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Siku moja ya mlango wazi haitoshi kuifanya nyumba ya kukaa milele. Mama alirudi Shiling, laoban akamuuliza kama kawaida, wangapi, na mama akanyoosha vidole viwili. Mwanamke akatazama huku na huku akitafuta wa pili, kisha akaelewa, akamshika mkono, tukanunua bila kupatana bei. Lakini mama alikuwa ameingiwa na baridi ya mifupa. Kila msimu wa unyevu ulipoanza alikuwa anatazama kuta. Yeye alitaka watu na mlango wazi, Anko Yosti alitaka utulivu na kimya, na kila mmoja alijitahidi kwa zamu mpaka wakachoka, na mama akaamua turudi kwetu. Anko Yosti alitupeleka uwanja wa ndege mapema mno, kama kawaida yake, tukakaa kwenye viti saa nyingi. Akaniambia "shikamoo." Safari hii nilishindwa kuitikia.

Kwetu Morogoro hakuna aliyetaka habari hizo. Mama akisema "wanangu wawili," dada zake wanabadilisha mazungumzo. Mwisho akaacha kusema. Alibaki kuniambia mimi tu, kila mwaka siku ile, asubuhi, "Mdogo wako leo amekua," halafu anaendelea kufagia.

Mwezi uliopita, tulipomzika, mjomba ndiye aliyeandika wasifu wa marehemu. Aliandika, "Marehemu alijaliwa mtoto mmoja wa kike." Nikamwomba abadilishe. Akakataa. "Usituletee mambo ya Kizungu msibani. Yule hakulia." Sikubishana naye, mimi na mjomba hatuwezani. Nilingoja anipe kipaza sauti nisome, nikasoma yote kama alivyoandika, na nilipofika pale nikasema, "Marehemu alijaliwa watoto wawili. Mimi, na Tomasi, aliyezaliwa Guangzhou." Watu wakanong'ona. Mjomba akainamisha kichwa. Mume wangu, ambaye jina hilo hakuwahi kulisikia, akanitazama tu.

Tulipomaliza kuweka mashada wakapanga foleni kunipa mkono. "Pole, mwanangu, umebaki peke yako." "Pole, ulikuwa wake wa pekee." Naitikia, asante, asante, jicho kavu. Kisha foleni ikasimama, kwa sababu kuna bibi mmoja mnene anatembea kwa shida, ametoka Dar kwa basi la alfajiri, hakuna aliyemwalika. Sauti ilikuwa imepungua, lakini ni ile ile. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa kama Waholanzi.

"Pole," akasema Bi Zuhura. "Pole, dada yake Tomasi."

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo maisha yangu yote. Ndipo nikalia.